Usiniambie niache kuwaza

Kuna ushauri mmoja nimeuchoka, na hapa Dodoma unatolewa bure kila kona: "Wewe acha kuwaza, lala." Mwambie dada yako kwamba usingizi hauji, atakujibu hivyo. Mchungaji atakuambia hivyo, shehe atakuambia hivyo, fundi cherehani atakuambia hivyo huku mguu wake unaendelea kukanyaga pedeli. Wote wana nia njema. Ila sijawahi kumwona mtu aliyelazwa na ushauri huo, na naamini kabisa kwamba unawakesha wengi.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, pamoja na wenzake, waliwaomba wanafunzi wa chuo wasimfikirie dubu mweupe, na kila atakapowajia akilini wagonge kengele. Kengele ziligongwa. Kisha waliporuhusiwa kumfikiria, dubu aliwajia mara nyingi kuliko alivyowajia wenzao ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Maelezo yake hayana uchawi: ili akili ihakikishe humfikirii dubu, lazima iende kuchungulia kama yupo, na ikichungulia inamkuta. Sasa mtoe dubu, ambaye hapa kwetu hamdai mtu chochote, weka ada ya muhula. Au kiwanja cha Nzuguni ambacho hati yake haijatoka mpaka leo. Jikataze kukiwaza halafu uone saa nane ya usiku itakukuta wapi.

Mimi nasema hivi: akili haikeshi kwa ukaidi. Ni kama mtoto anayevuta kanga ya mama yake, hanyamazi mpaka umgeukie. Tangu asubuhi ilikuwa na jambo la kusema na hukuipa nafasi. Kitandani ndipo umekaa kimya kwa mara ya kwanza, basi inasema. Dawa ni kuisikiliza mapema, jioni, ukiwa umekaa na akili zako timamu, na si kuizomea usiku.

Na mji huu unatupa mengi ya kuwaza. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, aliyehamishwa anaiwaza familia iliyobaki Dar es Salaam, na mwenyeji anaiwaza kodi ya nyumba iliyopanda. Kila mtu ana ujenzi. Kama si nyumba ya Ilazo, ni fremu mbili za biashara kule Nala. Mchana wenyewe hauna upenyo. Kwenye bajaji kuna redio, ofisini kuna grupu la WhatsApp la idara, na ukitoka hapo kuna la kikoba, la harusi ya binamu, la michango ya msiba. Mtu anaamka na simu, anakula na simu, anaingia nayo chooni. Saa tano usiku anazima taa, upepo unagongagonga bati, na kila alichokiahirisha tangu saa kumi na mbili asubuhi kinajipanga foleni kando ya chandarua.

Bluma Zeigarnik, aliyekuwa mwanafunzi wa saikolojia Berlin, aliandika mwaka 1927 kwamba watu hukumbuka zaidi kazi walizokatishwa kuliko zile walizozimaliza. Wapo waliorudia majaribio yake wasipate jibu lilelile. Mimi simbishii, nina jamaa zangu wenye misingi ya nyumba iliyoota majani, na hakuna hata mmoja aliyesahau idadi ya tofali zilizobaki.

Jaribio linalonivutia zaidi ni la Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, lililochapishwa mwaka 2018 na Michael Scullin na wenzake. Vijana 57 walilala maabara. Kabla ya kulala, kila mmoja alipewa dakika tano za kuandika: kundi moja liliandika kazi wanazopaswa kuzifanya siku zinazofuata, jingine liliandika kazi ambazo tayari wamezimaliza. Kama ningeambiwa niweke dau, ningeliwekea kundi la pili. Nani apate usingizi kwa kuorodhesha madeni ya kesho? Lakini walioandika ya kesho ndio waliowahi kulala, kwa dakika 9 hivi. Na kadiri orodha ilivyokuwa na maelezo zaidi, ndivyo usingizi ulivyowahi kuja.

Dakika tisa si nyingi, nakubali. Ila kilichonigusa ni hayo maelezo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanaojaribu jambo hili wanapokosea na kusema halifanyi kazi. Mtu anaandika kwenye daftari "ujenzi", anafunga, anakwenda kulala, anakesha. Hilo neno halijaiambia akili chochote ambacho haikuwa ikikijua. Andika: "Jumatatu saa mbili asubuhi, mpigie fundi, muulize lenta inahitaji nondo ngapi, usimtumie hela kabla hajajibu." Usiandike "ada". Andika: "Kesho mchana, pita kwa mhasibu wa shule, omba kulipa kwa awamu mbili, nenda na risiti ya mwanzo." Jambo likipata siku, saa na mtu wa kuongea naye, linapungua ukubwa. Lile ambalo halipati, mathalani mvua itanyesha lini, liandikie kwamba hakuna la kufanya wiki hii. Hilo nalo ni jibu.

Tumia karatasi, tafadhali. Ukifungua simu uandike humo, utakuta ujumbe wa mwenyekiti wa kikoba, na hapo ndipo mkutano unapoanza. Na usifanye kazi hiyo kitandani. Mimi naifanya kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili, wakati maji ya ugali yanachemka, na mezani kuna kelele za kutosha za watoto kunizuia nisizame.

Mama lishe mmoja ninayekula kwake mchana alinisikiliza nikieleza haya yote, akaweka upawa chini.

"Kaka yangu, hilo daftari litanilipia marejesho?"

Halilipi. Anadaiwa ile mikopo ya kausha damu, ya kukusanywa kila wiki, ambayo ukichelewa wanakuja kubeba friji. Kwa mtu wa namna hiyo kumwambia avute pumzi ndefu ahesabu mpaka nne ni dharau, na ninakerwa sana na wanaouza utulivu wa akili mitandaoni kana kwamba kila anayekosa usingizi amekosa tu mbinu. Wengine wamekosa hela. Hata hivyo aliandika. Nani anamdai, kiasi gani, siku gani, na pembeni ya kila jina maneno atakayomwambia. Mstari mmoja tulibishana nao kidogo akauweka: aulize kama yule mkopeshaji ana leseni, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha hivyo awe nayo. Deni bado analo. Tofauti anayoisema yeye ni kwamba sasa anadaiwa mchana.

Kuna kanuni nyingine ya kitaalamu inayosifiwa sana, nayo ilitoka kwa Mmarekani Richard Bootzin mwaka 1972: kitanda kiwe cha kulala na cha mambo ya ndoa tu, na ukikaa macho kama dakika ishirini, inuka utoke, urudi macho yakiwa mazito. Sababu yake ina mashiko. Ukijizoeza kuwaza kitandani, mwili unajifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuwazia, na ukikiona tu unachangamka. Lakini kanuni hiyo iliandikwa na mtu mwenye sebule. Mpangaji wa chumba kimoja Chang'ombe, watoto wawili wamelala mkekani, mwenzake anakoroma, atoke aende wapi? Uani kuna mbwa wa mwenye nyumba, na mwezi wa saba usiku Dodoma si wa mchezo. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na upepo wake hauna huruma. Mimi nimeona kigoda kando ya mlango kinatosha. Jifunike kanga au shuka mabegani, taa hafifu, chambua mchele wa kesho. Kazi ya kuchosha hasa. Usichague kazi unayoipenda, na simu iache ilipo. Kinachotakiwa ni kwamba kule kulipo na mto, mawazo yasizoee kukaa.

Halafu kuna mchezo wa maneno. Ulibuniwa na Luc Beaudoin, mwanasayansi wa Kanada, na nilipousikia niliucheka. Unachukua neno lisilo na uzito wowote kwako, unakwenda herufi moja moja, na kwa kila herufi unatafuta vitu vinavyoanza nayo, kimoja baada ya kingine, ukiviona akilini kwa sekunde chache kabla ya kuhama. Lengo ni picha zisizohusiana, kwa kuwa mtu anapoanza kusinzia akili yake hurukaruka vilevile, na ukiirusharusha makusudi inashindwa kushona hadithi ya wasiwasi. Mimi hutumia "zabibu". Zulia. Zeze. Ziwa. Zege... na zege likanirudisha moja kwa moja kwa fundi. Basi wenye ujenzi waruke herufi hiyo. Kwenye B niko salama: bata, birika, baiskeli, bakuli. Ya nne huwa sifiki mara nyingi.

Kuhusu chai nitasema kifupi kwa sababu najua hakuna atakayenisikiliza. Kafeini huchukua saa tano hivi mwilini kabla nusu yake haijaondoka, kwa hiyo chai ya rangi nzito ya saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku nusu yake bado iko kazini. Bia mbili zitakulaza upesi na kukuamsha alfajiri na mdomo mkavu. Piritoni, ambayo nusu ya mtaa wangu inaimeza kama pipi, ni dawa ya mzio. Usingizi wake ni athari ya pembeni ambayo mwili huizoea haraka, na asubuhi inakuacha mzito. Valiamu ya kununua dirishani bila cheti cha daktari, hata tusianze.

Lakini lipo wazo moja linalokesha watu kuliko kodi na ada, nalo ni wazo la usingizi wenyewe. Saa nane unaamka, unachungulia saa, unapiga hesabu: zimebaki saa nne, zimebaki tatu na nusu, kesho kikaoni nitasinzia. Hapo umeshapandisha mapigo ya moyo. Ningependa kila mwenye tabia hii asikie habari za Wahadza, majirani zetu wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao wengine wao wako Mkalama huko Singida. Watafiti wakiongozwa na David Samson waliwavisha watu wazima 33 vifaa mkononi kwa siku 20 wapime wanavyolala, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Katika siku zote hizo, muda ambao wote 33 walikuwa usingizini kwa pamoja ulikuwa dakika 18. Jumla. Daima alikuwepo aliyeamka, anayejigeuza, anayelea mtoto, anayevuta tumbaku. Na hawakuwa wakilalamika kwamba wana tatizo la usingizi. Watafiti wanadhani kupishana huko ndiko kulikowalinda binadamu wa kale dhidi ya wanyama wakali. Sisi wa mtaa wa Area C hatuna simba, lakini kuzinduka usiku wa manane ni jambo la mwili wa binadamu, halihitaji kufunguliwa kesi. Geuza saa iangalie ukuta.

Ikiwa yote hayo hayasaidii, na unakosa usingizi siku tatu au zaidi kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, hapo si suala la ushauri wangu tena wala wa fundi cherehani. Nenda hospitali. Najua kinachowazuia watu. Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, iko hapahapa kwetu tangu 1927, na nchi nzima imeligeuza jina lake kuwa tusi la kutaniana, kiasi kwamba mtu wa Dodoma akisema tu "akili yangu haitulii" anaulizwa kama apelekwe kwa bajaji au kwa gari. Utani huo umewagharimu watu wetu. Kukosa usingizi kwa muda mrefu kunatibika, na tiba inayopendekezwa kwanza, tangu chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipotoa mwongozo wake mwaka 2016, si vidonge, ni mazungumzo yenye mpangilio ya kubadili fikra na mazoea ya kulala. Na kama mawazo ya usiku yameanza kukuambia kwamba bora usiwepo, usisubiri miezi mitatu. Nenda leo, na mtu wa kukusindikiza.

Ukifika, usimwambie daktari "sipati usingizi" ukanyamaza, atakuandikia kidonge kwa kukosa la kushika. Wiki mbili kabla, kila asubuhi andika ulipanda kitandani saa ngapi, unadhani ulilala saa ngapi, uliamka mara ngapi, ulikunywa nini jioni. Mpe karatasi hiyo kabla hajauliza swali la kwanza.