Pilates Dodoma: mgongo utashukuru, moyo bado unadai

Kwenye makundi ya WhatsApp ya watumishi hapa Dodoma, ukigusa mada ya mazoezi watu wanagawanyika papo hapo. Kuna watu wa jogingi, wale wanaoamka Jumamosi alfajiri na fulana za kufanana, wakiimba barabarani huku polisi wa usalama barabarani akiwafungulia njia. Halafu kuna wa pilates, yaani mazoezi ya taratibu ya kukaza misuli ya tumbo, kiuno na nyonga, wengi wao kina dada wa maofisini, wanaotandika mkeka sebuleni na kufuata video kwenye simu. Watu wa jogingi wanasema hayo ni mazoezi ya kulala. Wa pilates wanajibu kwamba hao wakimbiaji ndio wanaoshika viuno kila Jumatatu. Pande zote mbili zina hoja, ila hazilingani uzito.

Kejeli kwamba pilates ni mchezo wa kike wa mitandaoni tuiondoe mapema. Aliyeyabuni mazoezi haya ni Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883, mwanamume aliyepiga ngumi na sarakasi. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza, akawekwa kizuizini kama raia wa nchi adui, na huko kambini akaendelea kujinoa na kuwafundisha wenzake. Miaka ya 1920 alihamia New York, akafungua ukumbi pamoja na mwenzake Clara, na wacheza dansi walioumia viungo wakawa wateja wake wakubwa. Kitabu chake cha mwaka 1945 kina mazoezi 34 ya sakafuni, yasiyohitaji kifaa chochote. Alifariki mwaka 1967. Mwaka 2000 mahakama ya New York ikaamua kwamba jina hilo si alama ya biashara ya mtu. Kwa hiyo leo unajifunza pilates kwa bei ya bando tu, na kwa hiyo pia yeyote mwenye taiti na simu nzuri anaweza kujiita mwalimu.

Anayesema ni kulala tu, namwombea ajaribu zoezi moja linaloitwa "mia". Unalala chali, unainua kichwa na mabega, miguu unaipandisha juu ya sakafu, mikono imenyooka ubavuni. Kisha unapigapiga mikono juu chini, vipigo vidogo vidogo, ukivuta pumzi kwa hesabu ya tano na kuitoa kwa hesabu ya tano, mara kumi. Hapo umefika mia. Kijana wa jogingi mwenye mapaja ya chuma huanza kutetemeka tumbo kabla ya hamsini, na shingo ndiyo inamsaliti kwanza kwa sababu anaivuta badala ya kuliachia tumbo kazi. Ndipo anapotambua kwamba ile misuli ya ndani ya tumbo, kiuno na nyonga, inayoshikilia uti wa mgongo, hajaisumbua miaka mingi.

Na hiyo ndiyo misuli inayoteseka na maisha ya sasa ya Dodoma. Tangu Serikali ianze kuhamia kwa kasi mwaka 2016, mji umejaa watu wa kukaa. Unakaa kwenye basi kutoka Kisasa au Area D hadi Mji wa Serikali Mtumba, unakaa ofisini mpaka jioni, unakaa tena kwenye basi, ukifika nyumbani unakaa mbele ya taarifa ya habari. Mwaka 2015 Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, ulipitia tafiti za pilates kwa watu wenye maumivu ya mgongo wa chini, ukaona yanasaidia kuliko kutofanya kitu. Ila haukupata ushahidi wa kutosha kwamba yanayashinda mazoezi mengine. Watu wa pilates hupenda kunukuu nusu ya kwanza tu.

Jambo lingine halisemwi sana kwa sababu wanaoliona ni wanawake. Jogingi ni ya bure, lakini si kila mtu anaifikia kirahisi. Mama anayeamka kuandaa watoto wa shule hawezi kuwa barabarani saa kumi na moja alfajiri, tena peke yake, gizani, na mbwa wa watu. Akisubiri jioni kuna macho ya kijiweni na maneno. Ukija msimu wa kiangazi, upepo wa Dodoma unakulisha vumbi hadi kwenye meno. Ndani, mlango umefungwa, dakika ishirini zinapatikana. Mkeka wa ukindu tu usiuamini kwenye vigae, unateleza. Na godoro linakumeza. Blanketi lililokunjwa juu ya zulia linatosha. Kile kitanda cha springi unachokiona kwenye video si lazima, na bei yake si ya mshahara wetu.

Lakini kama swali ni afya ya mwili mzima, hapo watu wa jogingi wanashinda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kadiri, au 75 hadi 150 ya nguvu, na juu yake siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Kadiri maana yake unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Anayeanza pilates anaweza kuimba kwaya nzima. Mapigo ya moyo hayapandi vya kutosha, na kwa mji wenye presha na sukari kama wetu hilo si dogo. Kitambi nacho hakitoki kwa kukunja tumbo peke yake wakati chipsi kuku iko pale pale. (Watu wa jogingi nao wasijisifu mno. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Wapo walioielewa kana kwamba siku hiyo moja inatosha mwezi mzima.)

Msimamo wangu ni kwamba pilates ihesabiwe kwenye zile siku mbili za misuli, na dakika zilizobaki zitafutwe kwa miguu. Shuka kituo kimoja kabla, au panda vilima vya upande wa Chuo Kikuu kwa mwendo wa haraka. Mwenye nafasi ya kimoja tu, atembee. Mjamzito, mwenye mifupa dhaifu au maumivu yanayoshuka mguuni aanze kwa mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sababu baadhi ya yale mazoezi 34 yanakunja uti wa mgongo kwa namna isiyomfaa.

Na ukitaka kulipia darasa, kabla hujatoa hela muulize mwalimu atambadilishia nini mtu mwenye tatizo la diski za uti wa mgongo. Akikwambia wote wanafanya sawa, rudi na hela yako.