Tope Liishie Mlangoni

Saa kumi na nusu jioni, mwezi wa nne, hapa Tukuyu. Mvua imeanza tangu saa sita mchana. Watoto watatu wanaingia kwa mkupuo, mabegi mgongoni, masweta yamelowa, viatu vyeusi vya shule vimevaa udongo mpaka kwenye kamba. Kwa miaka minne nyumba yetu haikuwa na jibu la dakika hizo tano. Mlango wa mbele ulifungukia zulia la sebuleni. Begi lilitua kwenye sofa, sweta likaning'inia kwenye kiti cha mezani, viatu vikabaki palepale mguu ulipochomoka. Nami nikafoka. Kila siku ya Mungu nikafoka.

Siku hizi sifoki, na watoto ni walewale. Tulichobadilisha ni mlango.

Kabla ya kuanza nilirudi kwenye ramani yetu, nikaazima na za majirani wawili. Sebule ipo, jiko lipo, stoo ipo, choo cha wageni kipo. Mlangoni hamna kitu, kana kwamba watu watakuwa wanashuka kutoka angani wakiwa wakavu. Na hii ni wilaya ya Rungwe, mvua inaingia Novemba inatoka Mei! Wazee wa pwani walilifikiria hili zamani. Nyumba za mawe za Lamu zina daka, kibaraza chenye paa mbele ya mlango na viti vya mawe kila upande. Mtu alipumzika pale, akaamkiwa pale, kabla ya kuingia ndani. Wao shida yao haikuwa tope, lakini walijua kwamba kati ya njia na sebule panatakiwa kuwa na mahali. Sisi tumejenga nyumba kubwa kuliko za baba zetu, tukapasahau hapo.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa kosa, na nalieleza ili mwingine asitupe hela. Nilinunua Mbeya mjini kabati la viatu la milango miwili, zuri kwelikweli, la ule ubao wa unga ambao mafundi wanauita MDF. Masika moja tu, miguu yake ilikuwa imevimba kama andazi kwenye chai. Ndani, viatu vya shule viliota kuvu nyeupe. Sikushangaa baadaye nilipofikiri: kitu kilicholowa ukikifungia gizani kitaoza, hata kabati liwe la mninga. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba hifadhi ya mlangoni iwe wazi. Wageni wataona viatu, na waone. Viatu vinavyopata hewa havinuki.

Tulichukua kona ya varanda, mita mbili na nusu kwa moja na nusu. Tukainua ukuta wa matofali ya kuchoma hadi kiunoni, juu yake matofali yenye matundu, na mlango wa nondo wa kufunga usiku, maana viatu vya nje hapa vina wateja wawili, mwizi na mbwa. Sakafu iko sentimita kumi chini ya ile ya sebule, ina vigae vya kukwaruza na mteremko wa sentimita moja kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Nje, kando ya ngazi, kuna bomba na brashi. Tope kubwa linabaki pale.

Benchi lina kimo cha sentimita 40, la mbao za paina zilizotiwa dawa. Chini yake kila mtu ana kijumba chake cha upana wa sentimita 30 na kina cha 35. Sakafu ya vijumba si ubao mzima, ni fito zilizoachana sentimita mbili, maji yadondoke na udongo mkavu uanguke wenyewe. Chini ya fito tumeacha nafasi ya ufagio kupita. Mabuti ya mvua hayakai humo. Yamepinduliwa juu ya vigingi pembeni, yakauke na wadudu wasifanye makao.

Tulipofika kwenye kulabu tulibishana. Fundi alitaka zote ziwe kwenye mstari mmoja, juu, usawa wa kichwa changu.

"Mama, ukiweka mistari miwili ukuta utaonekana umekatwakatwa."

"Fundi, wacha ukatwe."

Nilimwita mdogo wetu wa miaka mitano, nikamsimamisha ukutani, nikamwambia anyooshe mkono bila kuchuchumia. Nikachora alama kwa penseli: sentimita 90 kutoka sakafuni. Hapo ndipo kulabu zake mbili zilipo, moja ya begi, moja ya koti. Ile alama ndiyo iliyomaliza kelele nyumbani kwangu. Mtoto hakuwa mkaidi. Tulikuwa tumemwekea msumari asioufikia, halafu tukamgombeza kwa kutupa begi chini. Dada yake ana za 120, sisi wakubwa 160. Ubao unaozibeba umefungwa kwa skrubu zilizoingia ukutani barabara, kwa sababu begi la darasa la saba lililojaa madaftari si mchezo.

Kuhusu viatu vya ngozi vilivyolowa: gazeti kuukuu ndani, libadilishwe kabla ya kulala, kisha viachwe kwenye upepo wa matundu. Visipelekwe karibu na jiko la mkaa. Ngozi inapasuka na soli inabanduka, na mwaka wa shule bado mrefu.

Mgeni akifika namwonyesha benchi aketi. Zamani nilikuwa nasema "ingia navyo tu" kwa adabu huku roho inaniuma nikilitazama zulia. Sasa anakaa, anavua bila kushika ukuta, na mama mkwe wangu mwenye magoti mabaya ndiye aliyelipenda benchi lile kuliko wote. Hukaa pale hata mvua ikiwa imekatika.

Wiki ijayo fundi anarudi. Nilihesabu vijumba vitano, vya baba, mama na watoto watatu, nikaona familia imekamilika. Juzi nilitoka kwa mlango wa nyuma nikakuta kandambili na mabuti ya dada anayetusaidia kazi yamewekwa kwenye tofali, nje ya jiko, yamejaa maji. Ndiye aliyekuwa akipiga deki lile tope miaka yote minne. Kijumba cha sita kitakaa upande wa kulia, karibu na mlango, na kulabu zake mbili. Nimemwomba aje mwenyewe apime kimo cha mkono wake.