Krismasi ya Zamu

Padri kaniletea karatasi. Tupu, ila juu kabisa kaandika kwa mkono wake: "Tafakari ya Mwaka, Idara ya Vijana." Ukurasa mmoja, usizidi, na anautaka kabla ya mkesha wa tarehe 31.

Nikamuuliza, "Padri, mwaka upi?"

Akaniangalia vile anavyowaangalia wanaotaka kufunga ndoa bila cheti cha ubatizo.

Jamani, kuuliza ndiyo kosa? Sisi tunaoishi Unguja miaka tunayo ya kuchagua. Makunduchi walishakoga mwaka wao wa jadi tangu Julai, kwenye sherehe ya Mwaka Kogwa, wakachapana migomba mpaka vinyongo vya mwaka mzima vikaisha. Serikali ilifunga vitabu vyake 30 Juni. Mwaka wa Hijria wa jirani zangu uliingia siku hizohizo za Juni, kimyakimya, bila fataki wala mtu kulewa. Na Kanisa lenyewe, hilihili linalonidai karatasi, lilianza mwaka Jumapili ya kwanza ya Majilio, mwisho wa Novemba. Kwa hesabu ya altareni mwaka huu hata arobaini haujatolewa. Nani anamfanyia tafakari mtoto wa arobaini?

"Wewe andika tu," akasema. "Tumevuna nini, tumepoteza nini, tunaelekea wapi."

Haya. Tumevuna maembe. Mwembe wa uani kwa kanisa ndio peke yake uliofikia malengo ya mwaka, na watoto wa mtaa mzima, wa dini zote, wameuhudumia kwa mawe mpaka bati la sakristia linalia. Hilo limekwisha.

Waliopotea ni vijana. Imani hawajaiacha, la. Wako Nungwi. Wengine Kendwa, wengine Kiwengwa, wengine Paje na Jambiani, wamevaa mashati ya maua, wanabeba trei.

Asiyeijua kazi hii hudhani kulea vijana wa kanisa ni kupiga gitaa na kukemea simu ibadani. Kwa hapa Zanzibar, kazi yenyewe ni kujua watalii wanakuja lini. Vijana wangu wengi wametoka Bara kufuata kazi za hoteli, na hoteli zina kalenda yao ambayo haikushauriana na Padri. Ikifika masika, Aprili na Mei, mvua inapiga, mgeni haonekani, hoteli nyingine zinafunga milango. Hapo njoo uone kanisa! Mabenchi yamejaa, besi wanasimama safu mbili, mafundisho ya Jumatano watu wanakaa mpaka dirishani. Ila kapu la sadaka likipita, linarudi na sarafu ambazo unaweza kuzihesabu kwa kusikiliza tu. Nikitangaza mchango wa spika, wote wanainamisha vichwa na kusali kwa bidii ya watawa.

Desemba mambo yanageuka. Kaskazi inavuma, jua linachoma, ndege zinashuka zikifuatana. Kanisani nabaki na wazee, akina mama, watoto na feni. Lakini simu yangu! Inalia katikati ya somo, na mkemea simu ndiye mimi. "Umepokea shilingi elfu ishirini." Huyo sauti ya pili. "Umepokea shilingi elfu kumi." Huyo tena. Halafu ujumbe: "Mwalimu, sadaka yangu hiyo, niombee, zamu imenibana." Kwaya nzima imo ndani ya simu, ila haiimbi.

Mweka hazina anasema Desemba ndio mwezi bora wa mwaka. Mwalimu wa kwaya anasema heri ungefutwa. Wote wawili wanataka kauli zao ziingie kwenye ukurasa wangu mmoja.

Utasema, na wasiofanya kazi hoteli? Hao ni Wachaga. Sina ugomvi na Wachaga, ni watu wa kutoa michango na kudai risiti. Lakini ikifika tarehe 20 Desemba, sauti ya kwanza yote iko bandarini na mabegi, na vifurushi vya karafuu na mdalasini vya kuwapelekea watu wa nyumbani, inasubiri boti ya Dar es Salaam na kesho yake basi la Moshi. Ukimwambia Mchaga ale Krismasi Unguja anakushika paji la uso kuangalia kama una homa.

Sasa kwa watu hao ndio nikaambiwa niandae igizo la kuzaliwa kwa Bwana.

Yosefu niliyemchagua ni kijana wa mapokezi, hoteli moja huko kaskazini. Sura anayo, ndevu anazo, upole wa kufundishwa kazini anao. Aliomba ruhusa tangu Oktoba, akajibiwa kwamba kutoka tarehe 20 Desemba mpaka 5 Januari hakuna ruhusa hata ya kuugua. Maandiko yanasema Yosefu hakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Wangu mimi alikuwa ndani ya nyumba ya wageni, anagawa funguo za vyumba, akakosa nafasi ya kutoka. Mariamu akasafiri kwenda Bethlehemu na shemeji yake.

Mamajusi nao nguo ndiyo ilikuwa shida. Utawavisha nini watu waliotoka Mashariki, na sisi ndio tuko Mashariki? Nikaenda kwa Bi Mkubwa wa mlango wa pili, mwenye wanawe watatu wakubwa. Nikapiga hodi, nikaamkia, nikaeleza haja. Akatoa kanzu tatu na kofia za viua tatu, kofia nzuri, zile za kushonwa kwa mkono miezi na miezi.

"Kanzu za Ijumaa hizo, Mwalimu," akasema. "Na Krismasi yenu mwaka huu Alhamisi. Jioni yake ziwe zimeshafuliwa na kupigwa pasi."

"Ndiyo, mama."

"Na ubani munao?"

Ubani hatukuwa nao. Tulikuwa na kopo la maziwa limefungwa karatasi ya kung'aa. Bi Mkubwa akasikitika kama aliyeambiwa kuna msiba, akaingia ndani, akatoka na chetezo, makaa, ubani, na udi kidogo wa kuongezea. Siku yenyewe Mamajusi wawili wakaitwa kazini, akabaki mmoja, mzee wa kanisa mwenye miwani, akabeba dhahabu, uvumba na manemane peke yake. Hakuna aliyelalamika, maana Mathayo hakutaja idadi. Na kanisa lilinukia harusi mpaka misa ya pili. Padri alikohoa, lakini alikohoa kwa furaha.

Na hapo sijafika kwenye pilau. Nyumbani kwangu kuna sahani za Bi Mkubwa zilizokuja na biriani wakati wa Idi. Sahani hairudi tupu, hiyo ndiyo sheria ya mtaa, ina nguvu kuliko ya sheha. Kwa hiyo Krismasi kwangu ni siku ya kulipa madeni. Kuku wanachinjwa na mtoto wa Bi Mkubwa ili mtaa wote ule bila wasiwasi, na mchinjaji akishachinja hawezi kuondoka bila paja. Nikapika. Miye mtu wa Muheza, pilau naijua. Nikapeleka sahani zimefunikwa vizuri. Bi Mkubwa akafunua, akanusa, akanitazama kwa huruma.

"Pilau ya Bara hii, Mwalimu. Uzile umeuonea choyo."

Ningekuwa nalipwa kwa kila mtu aliyeionja akaulizia uzile, yaani bizari nyembamba, Idara ya Vijana ingekuwa na spika mbili.

Sasa nije kwenye kilichoniuma hasa. Siku mbili kabla ya Krismasi nilikwenda huko kaskazini kuwapelekea vijana kadi za Padri. Nikawekwa kwenye geti la wafanyakazi, mlinzi akaniambia nisubiri wapumzike. Kupitia uwazi wa geti nikaona mti wa Krismasi. Si mvinje kama wetu. Ni mti wa plastiki, mrefu kuliko mnara wetu wa kengele, umemwagiwa pamba, ati theluji. Jua la kaskazi, mchanga unaunguza nyayo, na kijana wangu wa sauti ya pili yuko juu ya ngazi anapachika theluji kwa gundi. Chini yake kuna Baba Krismasi, joho jekundu la manyoya, buti, ndevu za pamba zimeshuka kifuani kwa jasho.

Akaja getini kunywa maji. Nikamtambua. Mtoto wa mvuvi wa hapohapo Nungwi, hakosi swala ya Ijumaa, babake tunafahamiana.

"Kijana," nikamwambia, "habari za huyu mzee unazijua?"

"Posho yake naijua, Mwalimu," akasema, akavuta ndevu juu, akarudi kazini akicheka kile kicheko kizito cha kufundishwa.

Basi mpango wote ndio huo. Mwislamu ndiye Baba Krismasi. Mkristo yuko juu ya ngazi. Na wanaoisherehekea wamelala kwenye viti vya pwani, hawajui kama ni Jumatano au Alhamisi.

Niliporudi mjini nikammwagia malalamiko mzee wetu, huyo Mamajusi mwenye miwani. Hakushtuka. Akasema kufanya kazi siku ya Krismasi katika kisiwa hiki hakukuanza na hoteli. Jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa, liliwekwa siku ya Krismasi yenyewe, 1873, mwaka uleule soko lilipofungwa. "Sasa niambie," akasema, "mafundi walikula pilau saa ngapi?" Nikakumbuka zile nguzo ambazo waongoza watalii huwaonyesha wageni, zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu. Husimulia kwamba mafundi walizigeuza Askofu Steere, msimamizi wa ujenzi, akiwa safarini. Miye sasa naamini walikuwa mafundi wa zamu ya Desemba.

Mzee akaongeza kwamba Krismasi moja tu anaikumbuka kwaya ikiwa kamili, ya 2009, pale Unguja nzima ilipokosa umeme tangu Desemba mpaka Machi ya mwaka uliofuata. Giza totoro, mishumaa, kazi zimesimama, na besi wote wamo ndani. Aliisimulia kwa macho ya kutamani. Ikabidi nimkumbushe kwamba hiyo si dua ya kumwombea jirani mwenye friji.

Lakini akanipa wazo. Wenzetu Idi yao hapa wanaila skukuu mosi, skukuu pili, tatu, mpaka nne, watoto wanazunguka Mnazi Mmoja na nguo mpya kila jioni. Sisi kwa nini tubanane kwenye tarehe moja kama wenye haraka ya boti? Nikaenda kwa Padri. Akafungua kalenda, akaafiki: Krismasi ya Kanisa inaendelea mpaka Epifania, 6 Januari, siku ya Mamajusi. Vijana watakuwa wameshamaliza msimu, tutakula, tutaimba, Yosefu atakuja na ndevu zake.

Nikatangaza kwenye kundi la simu. Kimya. Kisha besi akaandika: "Mwalimu, tarehe 6 haiwezekani. Warusi."

Warusi gani? Kumbe Warusi Krismasi yao ni 7 Januari, na hoteli imejaa Warusi. Mti haushushwi. Baba Krismasi kaongezewa mkataba.

Nikasogeza mpaka 12 Januari, Mapinduzi, siku ya mapumziko kwa nchi nzima. Yosefu akajibu kwamba Mapinduzi inaangukia Jumatatu, kwa hiyo watu wa Dar es Salaam wanavuka kuja kulala siku tatu, na yeye ndiye mwenye funguo. Mwisho wa Januari, sauti ya kwanza haijarudi kutoka Moshi, inamalizia mbege na vikao vya ukoo. Februari mwanzoni kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara, mji mzima ngoma na wageni, hata mzee wa miwani huwa haonekani.

Padri akaninyamazisha kwa kidole juu ya kalenda. Jumatano ya Majivu, 18 Februari. "Ukivuka hapo," akasema, "utakula Krismasi na majivu usoni."

Ikabaki Jumanne ya 17. Nikaiandika kundini, nikangoja. Besi: yupo. Yosefu: yupo, kuanzia saa kumi jioni. Sauti ya kwanza, kutoka Moshi: ipo, lakini sare za kitenge kipya zitakuwa tayari? Hata Mariamu akakubali, kwa masharti kwamba shemeji asihusishwe.

Nikaenda mlango wa pili kumpa Bi Mkubwa habari mapema, maana bila kanzu zake hakuna Mashariki. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena.

"Mwalimu weye, siku hizo na sisi twangojea mwezi wa Ramadhani. Ukiandama jioni hiyo, sisi tushaingia kwenye mfungo."

Nikakaa barazani kwake, nguvu zimeniisha.

"Usihuzunike," akasema. "Ilete hiyo pilau usiku, tutaila daku. Lakini uzile nitakupa mimi."