Mjomba wa Bwana Harusi

Utotoni nilikuwa nikipiga picha kwa kamera ya baba isiyo na filamu. Roli moja ilikuwa na picha 36 tu, na zote zilikuwa na wenyewe kabla hata haijafunguliwa, kwa hiyo mimi nilipewa kamera tupu ili nitulie. Nikawapiga majirani, wageni na paka. Wote waliniuliza picha zao zitatoka lini isipokuwa paka, na hadi leo sijapata mteja mwingine mwenye utu kama ule.

Ukikua na wazimu wa namna hiyo, huna budi kuugeuza kazi. Kazi yangu ya kwanza ya malipo ikawa harusi. Nikaazima taa mbili kubwa za studio, zenye miavuli myeupe. Mwenyewe akanieleza kwamba hazina kifaa cha redio cha kuziwasha, ila zina jicho: likiona flashi ya kamera, nazo zinawaka papo hapo. Nikaona huo ndio ufundi. Asichonieleza ni kwamba jicho lile halichagui flashi ya nani.

Zikafika picha za familia. Watu wamepangwa, shela imenyooshwa, mtoto aliyekuwa analia amenyamaza. Nikahesabu: "Moja, mbili..." Kwenye mbili ukumbi mzima ukamulikwa kama radi iliyoalikwa kwa kadi. Kwenye tatu nikabonyeza. Giza. Taa zinatoa mlio mwembamba, piiii, zinajichaji upya. Nikaangalia kioo cha kamera: bibi harusi haonekani, yanaonekana meno.

Nikarudia. Mbili, mwanga. Tatu, meno.

Nikakagua nyaya, nikapuliza vumbi ambalo halikuwepo, kisha nikageuka. Nyuma ya bega langu amesimama mjomba wa bwana harusi na kamera ndogo ya filamu, jicho moja limefumbwa.

"Shikamoo mzee. Naomba uzime flashi kidogo."

"Marahaba mwanangu. Hii haizimiki, inajiwasha yenyewe. Wewe endelea tu, hunisumbui."

Nikamuuliza kwa nini anapiga kwenye mbili. Akaniangalia kwa huruma. "Kwenye tatu watu wameshachoka kutabasamu."

Nikaacha kuhesabu, nikawa napiga kimya kimya. Akachukua yeye jukumu la kuhesabu, na watu wakamtii kuliko walivyonitii mimi. Basi nikaamua kumsubiri filamu imwishie. Kweli, baada ya muda kamera yake ikaanza kuvuma, inajirudisha. Nikashusha pumzi. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa roli nyingine, na mfuko ukabaki umetuna vilevile.

Za kwangu nilizipeleka kwenye kompyuta nikaongeza mwanga, nikaongeza tena, mpaka bwana harusi akawa chenga tupu. Familia ilizipokea kwa adabu. Walisema zina hisia.

Halafu zikasafishwa za mjomba. Kwa bahati yake, filamu ya negativu huvumilia mwanga ukizidi. Mwanga uleule kwenye kamera ya dijitali ungeifanya shela nzima iwe doa jeupe. Zilitoka laini, vivuli vimekaa vizuri, kila uso unang'aa. Kubwa kuliko zote ikatiwa fremu, ikatundikwa ukutani. Nilisogea nikaitazama kwa karibu: ndani ya kila jicho la bibi harusi kuna miavuli miwili myeupe, midogo kama punje ya mchele. Miavuli yangu. Haya, ya kuazima, lakini niliibeba mimi.

Wageni walikuwa wakimpongeza mjomba, naye akipokea kwa unyenyekevu. Alisema siri ni kujua kuhesabu.

Wiki chache baadaye akanipigia simu. Amepata harusi nyingine, safari hii analipwa, na amenikumbuka.

"Njoo na zile taa," akasema. "Kamera usihangaike kuibeba."