Mvua Ilipomtafitinika

Insha yangu ya kwanza katika kozi ya uandishi wa kitaaluma niliianza hivi: "Wahenga hawakukosea waliponena kuwa maji yakimwagika hayazoleki." Mada ilikuwa mafuriko ya mijini, kwa hiyo niliona nimepatia kwelikweli. Methali ipo, maji yapo, na wahenga wako upande wangu. Shuleni sentensi ya namna hiyo ilikuwa inakuvunia alama kabla mwalimu hajafika aya ya pili. Mhadhiri wetu, mama mmoja mpole mwenye kalamu ya kijani, alilizungushia duara neno "wahenga" akaandika pembeni: "Wepi? Mwaka gani? Ukurasa gani?"

Kwenye rasimu iliyofuata nikamjibu: (Wahenga, bila tarehe).

Wala sikuwa nafanya mzaha. Nilikuwa nimekesha nasoma kanuni za marejeleo, na kanuni zinasema chanzo kisicho na mwaka kiandikwe hivyo hivyo. Ukurasa tu ndio ulionishinda.

Mjue nilikotoka. Kwangu mimi insha ilikuwa ni kupamba. Jua halikuwaka, lilichomoza kwa mikogo. Mafuriko hayakutokea, yalitamba. Na mwisho wa yote unawaaga wasomaji, "kwa hayo machache naomba kukomea hapa," kama kwamba wamekukalia mkutano. Sasa huyu mama kila sentensi anaiuliza maswali mawili tu: nani kasema, na wewe umejuaje? Ukimwandikia kwamba miji inakua kwa kasi ya ajabu, anakuuliza ajabu ni kiasi gani.

Basi nikaamua kumkomoa kwa vyanzo. Kazi ya pili ilijaa mabano mpaka ukiitazama kwa mbali huoni maneno. Hata sentensi isemayo maji hutiririka kuelekea bondeni niliitafutia mashahidi. Humo ndimo nilimokutana na "na wenzake", nikalipenda sana neno hilo. Kwa mtindo wa APA, yaani kanuni za marejeleo za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, kazi yenye waandishi watatu au zaidi unataja jina la mwandishi wa kwanza tu, waliobaki unawafunika kwa "na wenzake". Nikaona linaipa sentensi uzito. Nikaanza kulitia hata kwa watu walioandika peke yao, maana jina moja ndani ya mabano lilikuwa linaonekana pweke mno. Kalamu ya kijani ikauliza: "Huyu aliandika peke yake. Hawa wenzake umemtafutia wewe?"

Ndipo akaja mshauri. Darasani tulikuwa na mwenzetu aliyekuwa anairudia kozi hiyo, na kwa sababu ambayo mpaka leo sijaielewa, kule kuirudia tulikuhesabu kuwa ni utaalamu. Tulimsikiliza kama mzee wa ukoo. Akaichukua rasimu yangu ya kazi kubwa, akaipekua, akatikisa kichwa. "Umejaza mimi, mimi, mimi. Na huku sisi, sisi. Kwenye uandishi wa kitaaluma hakuna mimi wala sisi. Kuna mtafiti na watafiti."

Muda wa kuwasilisha ulikuwa usiku huo huo, saa sita kamili. Saa sita kasoro dakika chache nilikuwa bado naisoma rasimu iliyojaa "mimi naona" na "sisi wakazi wa mijini". Kubadilisha moja moja nisingewahi. Nikafungua kile kidirisha cha tafuta na ubadilishe. Tafuta: mimi. Weka: mtafiti. Badilisha zote. Tafuta: sisi. Weka: watafiti. Badilisha zote. Chini yake kulikuwa na kisanduku cha kutia alama, cha kuiambia programu itafute neno zima peke yake. Nilikiona. Sikuwa na muda wa kufahamiana nacho. Nikapandisha kazi, nikalala usingizi wa msomi.

Wiki iliyofuata mama anaingia na kazi zetu zimechapwa, anatangaza kwamba kila mmoja atasoma utangulizi wake kwa sauti. Akaanza na mimi. Nilisimama nikakohoa kidogo, nikasoma:

"Mvua kubwa inapomtafitinika kwa saa chache..."

Nikanyamaza. Nikarudi nyuma kwa macho. Lilikuwa limeandikwa hivyo hivyo. Tatizo la kompyuta ni kwamba haijui neno, inajua herufi, na ndani ya "inapomiminika" kuna m-i-m-i zimekaa kimya hazina habari na mtu. Nikatupa jicho mstari wa chini kuona kama kuna ahueni.

"...taawatafiti za mipango miji huwatafititiza umuhimu wa mifereji."

"Endelea," mama akasema. Uso wake hauna hata chembe ya kitu.

Nikaendelea, sauti inapungua. Ilikuwa sehemu niliyoipenda kuliko zote, inayoeleza kwa nini mji wenye zege kila mahali hufurika upesi. Udongo ulioachwa wazi hunywa maji kwa sababu una vijitundu, na vijitundu vinachimbwa na mizizi, na minyoo, na, kwa mujibu wa karatasi iliyokuwa mkononi mwangu, watafitimizi.

Mkono ukanyooshwa katikati ya darasa. Ni dada mmoja makini sana, ambaye huandika kila kitu. "Samahani, naomba kuuliza. Hawa watafitimizi ni watafiti wa ngazi gani? Wako juu ya watafiti wasaidizi, au chini yao?"

"Chini," nikasema. "Chini kabisa. Ardhini."

Akaandika.

Mama akaweka kalamu mezani. "Na hili la kumtafitinika. Ni istilahi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ya nani?"

Mdomo wangu haukunishauri. Ulijibu wenyewe: "Yangu na wenzake."

Hapo ndipo alipoanguka. Alicheka mpaka akavua miwani, na darasa lililokuwa limejibana likapasuka lote kwa pamoja. Dada makini aligeuka kulia na kushoto, kisha polepole akaanza kukata alichoandika. Kicheko kilipotulia mama akajifuta machozi akauliza ni nani aliyenidanganya kwamba "mimi" hairuhusiwi. Sikumtaja mtu. Haikuwa lazima, maana vichwa vyote vilielekea nyuma, ambako mzee wa ukoo alikuwa ameinama anaokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Kumbe mwongozo wa APA wenyewe, uliotokana na makala ya kurasa saba ya mwaka 1929 na ambao toleo lake la 7 lilitoka mwaka 2019, unasema kinyume kabisa. Ukizungumzia kazi uliyoifanya wewe, tumia nafsi ya kwanza, usijiite "mtafiti" mpaka msomaji ajiulize ni mtafiti yupi. Makala ya James Watson na Francis Crick ya mwaka 1953 kuhusu umbo la DNA inaanza na "sisi", na hakuna aliyewarudishia. Zipo fani na wahadhiri wanaokataa, mama alisema, kwa hiyo mtu unauliza kwanza. Unamuuliza mhadhiri, aliongeza, akitazama nyuma.

Kisha akatusimulia kisa cha mwanafizikia wa Marekani, Jack Hetherington. Mwaka 1975 alikuwa amekamilisha makala ya kupeleka kwenye jarida la Physical Review Letters, kaiandika peke yake, lakini humo ndani kote kasema "sisi". Mwenzake akamtahadharisha kwamba jarida litaikataa, kwa kuwa "sisi" inataka mwandishi zaidi ya mmoja. Makala ilikuwa imepigwa kwa taipureta. Kuirekebisha ni kuipiga upya yote, na taipureta haina Badilisha zote. Hetherington akafanya lililo jepesi zaidi: akamwongeza paka wake Chester kuwa mwandishi mwenza, kwa jina la heshima F. D. C. Willard. Makala ikachapishwa. Mwaka 1980 ikatoka nyingine kwa jina la paka peke yake, kwa Kifaransa.

Nilimwonea wivu yule paka. Katika maisha yake yote ya kitaaluma hakuwahi kuulizwa wahenga wepi.

Niliruhusiwa kuirekebisha kazi na kuiwasilisha tena. Safari hii nilikaa nayo. Methali niliiondoa, nikiri kwa uchungu, nikaanza na zege moja kwa moja. Vyanzo nilibakiza vile vinavyobeba jambo, na wenzake wa kubuni niliwaaga. Katikati nilidiriki kuandika "ninadai kwamba", nikakaa nikilitazama neno hilo kwa muda, kwa sababu ukishaliandika inabidi kweli uwe na unachodai. Kalamu ya kijani ilipita kurasa zote hizo bila swali hata moja, mpaka mwisho kabisa, ambako mazoea yalikuwa yamenishinda nikaandika "kwa hiyo tunahitimisha".

Pembeni: "Wewe na nani?"

Nimemwandikia barua pepe kumwomba subira kidogo. Kwetu hatufugi paka.