Mwanao Akipata Chuo cha DO, Mpongeze

Wazazi wengi wa kwetu walioko Marekani huguna wakisikia kijana kapata nafasi ya kusomea DO, yaani shahada ya udaktari wa osteopathi, tiba iliyoanza kwa kukanda mifupa na viungo. "Si wale wakanda migongo?" Wao walitaka MD, ile shahada ya udaktari iliyozoeleka, basi.

Daktari wa DO Marekani huandika dawa, hupasua, huzalisha, na akitaka husomea ubingwa wa moyo. Chuoni hukaa miaka minne sawa na mwenzake wa MD, na tangu 2020 mafunzo ya ubingwa ya wote wawili yako chini ya mfumo mmoja. Anachozidishiwa ni saa 200 hivi za kujifunza kutibu misuli na viungo kwa mikono. (Uingereza ni mambo mengine: huko osteopathi si daktari wala haandiki dawa.)

Dharau hii ni ya zamani. Andrew Taylor Still, aliyefungua chuo cha kwanza cha osteopathi Kirksville, Missouri, mwaka 1892, aliamini kiini cha maradhi mengi ni mifupa iliyokaa vibaya. Alikosea, na waliomfuata wakaleta dawa na upasuaji vyuoni. Hata hivyo walinyimwa leseni kamili jimbo baada ya jimbo; Mississippi ilikubali mwisho kabisa, 1973. Kituko kikubwa ni cha California. Mwaka 1962 madaktari wa DO wapatao 2,000 walilipa dola 65 kila mmoja wakapewa cheti cha MD. Jana mganga wa mashaka, leo daktari kamili, na kichwani hajaongeza kitu! Nikiulizwa kama tofauti ilikuwa ya elimu au ya jina, najibu kwa hizo dola 65.

Sisemi kila kitu chao ni safi. Bado vipo vyuo vinavyofundisha kwamba mifupa ya fuvu la mtu mzima husogea na mkono unaweza kuihisi. Ushahidi wake ni hafifu mno, na mimi ningeufuta ukurasa huo kesho asubuhi.

Mzazi anayetaka kuwa na wasiwasi, awe nao kwenye mambo ya maana. Wanafunzi wengi wa DO hufanya mtihani wao wa leseni, COMLEX, kisha hulipia na ule wa wenzao wa MD, USMLE, kwa hofu ya kukosa nafasi ya ubingwa. Tena vyuo vingi havina hospitali yao, hivyo mwanafunzi wa mwaka wa tatu huweza kupelekwa mji wa mbali kwenda kujifunza wodini. Muulize mwanao atapangiwa wapi, na kodi ya nyumba huko atailipa nani.