Sifa za Dhahabu kwenye Piano Kuukuu

Ni nani aliyewaruhusu watengenezaji wa piano wa Uingereza na Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, kuandika lolote walilotaka kwa herufi za dhahabu? Sisi mafundi wa kusawazisha sauti tunafunua piano ya wima, ile ya kuegemezwa ukutani, na kukuta imejiita "piano kubwa", ilhali piano kubwa halisi hulaza nyuzi zake! Halafu medali: London, Paris, Philadelphia, zimepangwa hata kwenye piano hafifu kabisa, kana kwamba kila kiwanda kilishinda kila maonyesho.

Kinachonikera zaidi ni dai kwamba sauti haitateteruka. Piano ina nyuzi zipatazo 230, zenye mkazo wa jumla unaokaribia tani 20, nazo zimefungwa kwenye vigingi vilivyokazwa ndani ya ubao, na mbao za chombo hicho huvimba na kusinyaa kila hali ya hewa inapobadilika. Basi ni maandishi gani yatakayozizuia? Hata hivyo mwenye piano huielekezea kidole ile nembo na kutuuliza, mafundi wenzangu mnalijua swali hili, ni kwa nini chombo chenye medali zote hizo hakifiki hezi 440, kipimo cha leo cha noti A tunachosawazishia piano.